Namba za bosi na machale yako

Ndugu yangu,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa umeneja. Barua yako imefika. Unasema bosi anataka kila uamuzi wa timu uambatane na namba, nawe unajiuliza umfuate yeye au uyafuate machale yako, maana umeandika programu miaka mingi. Usichague upande. Chambua kwanza ni maswali gani machale yako yanaweza kuyajibu.

Mwanasaikolojia Gary Klein aliwachunguza makamanda wa zimamoto, akaheshimu sana hisia za wazoefu. Mwanasaikolojia mwenzake Daniel Kahneman yeye alijulikana kwa kuonyesha jinsi hisia zinavyotudanganya. Mwaka 2009 mahasimu hawa wa hoja waliandika makala pamoja, wakakubaliana kwamba hisia za mzoefu huaminika pale mambo yanapojirudia kwa utaratibu, na pale mtu anapopata nafasi ya kujua kama alipatia au alikosea. Jinsi mtu anavyojiamini si ushahidi wa lolote.

Sasa lete hayo kazini. Ukiona badiliko fulani la msimbo likakutia wasiwasi, zuia hata kama majaribio yote yamepita. Umeshaona msimbo wa aina hiyo ukiangusha seva, na kila mara jibu lilikuja upesi. Kwenye usaili wa kazi ni kinyume chake. Uliowakataa huwaoni tena, kwa hiyo hukujifunza chochote kuwahusu, ila umebaki na imani kwamba una jicho la kutambua watu. Hapo uliza kila mwombaji maswali yale yale, na vigezo vya alama vipangwe kabla hajaingia. Tarehe za kumaliza kazi ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu tukishachelewa tunasahau tulikisia nini. Fungua kumbukumbu za kazi zilizokwisha, tazama zilichukua muda gani kweli, ukisie kwa hizo.

Lakini bosi naye aambiwe. Mwaka 1982, pale Apple, mameneja wa mradi wa kompyuta ya Lisa walitaka kila mhandisi ajaze fomu ya idadi ya mistari ya msimbo aliyoandika kwa wiki. Bill Atkinson alikuwa ameandika upya sehemu ya programu ya michoro, ikawa fupi zaidi na yenye kasi karibu mara sita. Akajaza: hasi 2,000. Baada ya wiki chache wakaacha kumdai fomu. Naipenda hadithi hii kuliko inavyostahili, najua, lakini mistari bado inahesabiwa mpaka leo mahali pengi.

Mchumi Mwingereza Charles Goodhart aliliona jambo hilo kwenye sera za fedha mwaka 1975: kipimo kikigeuzwa shabaha, kinaacha kupima. Tangaza tu kwamba pointi za kila wiki mbili, yaani namba ambazo timu huipa kila kazi kukisia ukubwa wake, zitatazamwa na wakubwa, uone kazi ya pointi 3 ikiandikwa 5. Hakuna aliyedanganya, kila mtu amekuwa "mwangalifu" zaidi.

Kama ni lazima dashibodi, yaani ukurasa wa kuonyesha namba za timu, iwepo, weka vipimo vinavyobanana: mara ngapi mnatoa toleo, na matoleo mangapi yanaharibu kitu. Anayekimbilia kimoja, cha pili kitamuumbua. Vyote viwe vya timu nzima. Ukivishusha kwa mtu mmoja mmoja, yule dada uliyenisimulia, anayeshinda akiwakwamua wenzake, ataonekana mvivu kuliko wote. Hapo ndipo ninapokataa namba kabisa.

Na kabla hujafungua dashibodi Jumatatu, andika kwanza pembeni unachodhani itasema. Machale yako nayo yapate pa kusahihishwa.

Bosi akikujibu kuhusu zile pointi, niandikie. Nasikia ana hasira za karibu.

Wako daima,
Rafiki yako