Utando wa dhahabu: ufunge shata lini

Rehema rafiki yangu,

Salamu nyingi. Unavukiza utando mwembamba wa dhahabu juu ya kioo ili unase mwanga, na umeuliza usimamishwe lini, yaani ufunge lini shata, kile kifuniko kinachozuia mvuke wa dhahabu. Usitegemee unene peke yake, tegemea na ohmita, kipima ukinzani wa umeme.

Juu ya kioo dhahabu haitandai kama rangi ukutani, inajikusanya. Chini ya nanomita 5 hivi unapata visiwa vilivyoachana. Kati ya 5 na 7 vinaanza kushikana na kufanya vichochoro vya kona kona. Hapo ndipo huo ushaghalabaghala unapokufaa: mawimbi ya elektroni yanayosukumwa na mwanga hugonga huku na huku, hukutana yenyewe kwa yenyewe, na nguvu hujirundika kwenye vidoa vya makumi ya nanomita tu, ilhali wimbi la leza nyekundu lina nanomita 633. Ukifika 20, visiwa vimekwisha. Umejitengenezea kioo hafifu cha kujitazamia.

Osha kioo kwa sabuni, asetoni, halafu alkoholi, kikaushe kwa naitrojeni. Usitangulize tabaka la metali ya kromi ili dhahabu ishike: huifanya itandae, tena yenyewe humeza mwanga. Vukiza polepole, nanomita 0.1 kwa sekunde au pungufu. Weka nyaya mbili za ohmita pembeni mwa sampuli. Ukinzani ukiporomoka kutoka megaohmu hadi maelfu ya ohmu, funga shata hapohapo. Kipimo cha kwatzi, kile kinachosoma unene ndani ya mashine ya kuvukizia, hukadiria unene kana kwamba dhahabu imeenea sawasawa, kwa hiyo "6" ya mashine yako si lazima iwe "6" ya mashine nyingine.

Sasa penye mtego. Mwanafizikia Anderson, mwaka 1958, alionyesha kwamba wimbi linaweza kunaswa mahali pamoja ndani ya vurugu, lakini alizungumzia chembe zisizopotea njiani. Mwanga kwenye dhahabu hupotea, unageuka joto. Ukiuona unapungua nusu, kisha nusu ya nusu, kadiri unavyoenda mbali na chanzo, usishangilie kwamba umenaswa. Kumezwa peke yake huchora mchoro uleule. Pima ung'avu sehemu nyingi. Katika madoadoa ya kawaida ya mtawanyiko wa leza, mchepuko wastani (standard deviation) wa ung'avu hulingana na wastani wenyewe. Mchepuko ukiuzidi wastani kwa mbali, hapo una cha kuzungumza. Kisha badili urefu wa wimbi: vidoa vya kweli huhama. Visipohama, shuku vumbi, au ncha ya hadubini inayopita karibu sana na sampuli, inayokuchorea vilima na mabonde badala ya mwanga.

Leza ianze chini ya miliwati 1, maana vidoa hivyo huweza kuyeyusha dhahabu inayovishikilia. Wala usiioke sampuli. Visiwa vitajiviringa na vichochoro vyote vitakatika.

Nitumie picha za hadubini ya elektroni zikiwa tayari.

Wako,
Salim