YAH: Malalamiko kuhusu "madume" wa samaki wa nyererei mlioniuzia na jinsi nilivyodhalilishwa kaunta

Kwa Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, usiirudishe tena kwa watu wa huduma kwa wateja. Masharti ya dhamana yenu yamechapwa nyuma ya risiti, sina haja ya kukukumbusha. Risiti ninayo. Ujumbe wa wasap wa mfanyakazi wenu unaosema "madume watupu, rangi ya asili" nao ninao, sijaufuta.

Niliwalipia samaki wanane wa Pundamilia nyererei, shilingi 45,000 kila mmoja, kwa ajili ya tangi la maabara ya shule. Ni yule samaki wa miamba ya Ghuba ya Mwanza aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Nilimchagua makusudi: dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi, na jike ni la kijivu kilichochanganyika na manjano hafifu. Mwanafunzi akiwatazama hao wawili, somo la rangi na uzazi limekwisha kueleweka kabla sijashika chaki.

Walipokaa tangini, wekundu wa mgongoni ulianza kufifia. Ukafuata umanjano wa ubavuni. Mwisho wakabaki samaki wanane wenye sura moja, wote wa rangi ya matope. Kisha mmojawapo akagoma kula, koo likamvimba, taya la chini likashuka. Nilimmulika tochi kwa karibu alipofungua mdomo kuvuta maji, nikaona mayai ya manjano yamejaa kinywani. Katika samaki hawa anayeatamia mayai mdomoni ni jike peke yake. Hilo ndilo "dume" lenu, na picha yake nimeiambatanisha.

Nilimleta dukani ndani ya mfuko wenye maji na hewa, kama mnavyoagiza wenyewe. Msimamizi wenu aliuinua mfuko mbele ya wateja, akautikisa, akasema, "Mama, samaki siyo kanga, hachuji. Maji yako ndiyo machafu." Akaniambia nipishe wanaonunua.

Ndugu Meneja, mimi ni mwalimu wa baiolojia. Rangi ya samaki imo ndani ya chembehai za ngozi. Kuna melanofori zenye weusi wa melanini, kuna chembehai nyingine zinazobeba manjano na nyekundu, na kuna iridofori zenye fuwele za guanini ambazo hurudisha mwanga na kumpa samaki mng'ao wa fedha au wa buluu. Samaki akishtuka, punje za melanini hukusanyika katikati ya chembehai na ngozi hupauka ndani ya dakika chache. Akitulia, punje husambaa tena na rangi hurudi. Ndiyo maana samaki wa safari hufika amefifia na kesho yake yuko sawa. Hawa wangu hawakurudi kesho, wala wiki iliyofuata, wala mwezi uliofuata.

Kabla ya hapo huduma kwa wateja walikuwa wamenijibu kwamba ni chakula. Nakubali kwamba samaki hawezi kujitengenezea karotenoidi, yaani zile rangi za manjano na nyekundu zitokazo kwenye chakula, ni lazima azile, na akizikosa wekundu na umanjano wake hufifia. Kwa sababu hiyo nilikuwa nawapa uduvi na chakula chenye mwani wa spirulina tangu walipofika. Halafu tuseme walizikosa: upungufu wa karotenoidi humpausha dume, haumfanyi atage mayai.

Na hayo maji machafu. Msimamizi wenu alisema hata ziwani samaki hawa wanapauka kwa uchafu. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili mwaka 1997, na Ghuba ya Mwanza imo humo. Maji yanapochafuka, mwanga hupungua, majike hushindwa kumtofautisha dume mwekundu wa spishi yao na dume wa buluu wa spishi jirani, wanazaliana ovyo, na rangi hufifia kizazi baada ya kizazi. Tope halimfui samaki aliye hai akabaki mweupe. Tangi langu ni angavu, mchanga wa chini unauona hata ukiwa umesimama mlangoni.

Linabaki jambo moja, na nyinyi mnaofanya biashara hii mnalijua kuliko mimi. Jike akilishwa chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume, kama methiltestosteroni, huvaa rangi za dume. Homoni ikikatizwa, rangi huondoka, kwa kuwa haikuwa yake. Sioni maelezo mengine ya madume wanane kupoteza rangi kwa pamoja na mmoja wao kuatamia mayai.

Narudia yale ya kaunta kwa sababu sikuyasema yote. Nilikuwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, ndiye aliyeubeba mfuko kwenye daladala akiukumbatia ili maji yasicheze. Msimamizi aliuchukua mikononi mwake bila kuomba. Aliutikisa juu ya kaunta, wateja wakacheka, akasema hayo ya kanga. Samaki anayeatamia akipata mshtuko hutema mayai. Aliyatema palepale. Tuliyaona yakishuka mpaka kwenye pembe ya mfuko, na yule mtoto akasema kwa sauti, "Mwalimu, mayai yake!" Msimamizi wenu aliyaona, Ndugu Meneja. Ushahidi wa kwamba huyo ni jike ulikuwa mbele ya macho yake, naye akausukuma mfuko upande wa pili na kuita, "Anayefuata!"

Wala si mara ya kwanza. Mwaka jana niliwanunua kwenu wale samaki wa kioo wa India wenye mstari wa waridi. Samaki yule kwa asili mwili wake unapitisha mwanga, mifupa yake unaihesabu. Mstari ule ulififia ukaisha kabisa, kwa sababu ni rangi inayodungwa kwa sindano chini ya ngozi ya samaki aliye hai. Wakati ule nilinyamaza. Sasa sinyamazi.

Nilipoanza kuandika nilitaka mnirudishie shilingi 360,000 tu. Sasa nataka fedha hizo, pamoja na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe, na msimamizi wenu aje shuleni amwombe radhi mwanafunzi wangu mbele ya wenzake aliowasimulia. Nataka pia jina la mfugaji aliyewaletea samaki hawa, na muondoe dukani kila samaki aliyedungwa rangi au kulishwa homoni. Kama mtaendelea kuwauza, basi muandike kwenye tangi lake ni nini alichofanyiwa, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nikiambatanisha picha, risiti na ujumbe wenu wa "rangi ya asili". Nakala nitawapa walimu wa sayansi wa shule zote ninazofahamiana nazo, maana najua wengine nao wananunua kwenu. Msinipigie simu. Nijibuni kwa barua.

Wako mteja,
Mwalimu wa Baiolojia,
Dar es Salaam.