Kwa wadogo zangu wa Kasapa: kabla ya kitenge, nunueni daftari

Wadogo zangu,

Nasikia mmekubaliana kushona kitenge cha kuwakumbuka wenzetu waliosoma nasi Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na sasa hawapo. Sikikatai. Ila kabla ya kitenge, nunueni daftari, muandike humo maisha ya kila mmoja wao.

Juzi nilikaa kwenye kilio cha mwenzangu tuliyekaa naye chumba kimoja miaka mitatu. Msemaji alisimama chini ya turubai akasoma karatasi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu. Akaketi. Hakuna aliyesema kwamba fedha za masomo zikichelewa, mtu huyu alipika bukari, yaani ugali, chumbani kwa siri, akatukatia vipande kwa uzi ili asipunjwe mtu. Wala kwamba alimnakilia masomo mwenzetu aliyevunjika mkono, muhula mzima, mpaka yeye mwenyewe akaanguka mtihani mmoja. Mimi nilijua yote hayo. Nikanywa chai, nikarudi nyumbani kimya. Kosa ni langu, si la msemaji.

Kazi ninayowatuma ina mitego yake. Mwaka 1971 chuo chetu kiliunganishwa na vya Kinshasa na Kisangani, kikawa tawi la UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1981 ndipo kikaitwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Na sisi wenyewe tulibadilishwa: mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, kwa hiyo Jean uliyeanza naye masomo hayumo kabisa kwenye rejista ya mwaka uliofuata. Muulizeni mjane majina yote, hata lile la utani. Msiishie hapa mjini pia. Kuna wenzetu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga miaka ya 1992 na 1993 wakapakiwa treni za kwenda Kasai, na si wote waliofika. Pigeni simu Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga.

Halafu kuna usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa kampasini. Serikali ilikubali kifo cha mwanafunzi mmoja. Wengine walitaja makumi, wengine mamia, na mpaka leo tunabishana juu ya hesabu. Hofu ilikuwa kubwa, sisahau. Lakini kati yenu wamo waliolala kampasi usiku ule, leo wana mvi. Kaeni nao mmoja mmoja: nani alikuwa chumba kipi, kitanda cha nani hakikulaliwa tena, sanduku lake lilichukuliwa na nani.

Na tafadhali, msiniletee "alikuwa mtu wa watu". Kila marehemu ni mtu wa watu! Kama alikuwa mbishi, andikeni mbishi. Kama alikufa na deni langu, andikeni hilo pia, nimeshamsamehe.

Mimi nimeanza na darasa letu. Nina picha moja, tumesimama watano mbele ya ukumbi wa masomo, abakosti, zile suti za enzi ya Mobutu zisizo na tai, zimetubana shingo. Wanne wameshazikwa. Watatu nimewaandikia ukurasa kila mmoja. Wa nne, aliye kushoto kabisa, nakumbuka alikuwa akipiga mluzi akipanda ngazi na alikuwa na pengo la jino la juu. Jina limenitoka. Jumamosi nitakuja nayo picha hiyo; njooni na wajomba zenu waitazame.

Yaya wenu (mkubwa wenu),
Lubumbashi