Kwa mpwa wangu: mshike mtu, umfuate anakokwenda

Mpwa wangu mpenzi,

Nakusalimu. Uliniandikia kwamba programu unayosikilizia muziki imekuchosha, kwa kuwa kila ukiiachia ichague yenyewe inakurudisha kwa wasanii walewale, ukaniuliza mimi ninazitoa wapi nyimbo ambazo wewe hujawahi kuzisikia. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyeniuliza.

Kwanza uelewe jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, ili usiilaumu bure. Kwa sehemu kubwa inalinganisha wasikilizaji: inawatazama watu waliosikiliza ulichosikiliza wewe, kisha inakuletea walichokipenda wao ambacho wewe bado hujakigusa. Kwa muziki unaosikilizwa na mamilioni ya watu utaratibu huo unafaa sana, lakini wimbo uliorekodiwa katika studio ya Radio Tanzania miaka ya sabini, ambao mtu fulani ameupandisha mtandaoni kutoka kwenye kaseti yake na wasikilizaji wake ni wa kuhesabika, hauna wa kulinganishwa nao. Upo, ila hautakujia wenyewe. Ni lazima uuite kwa jina. Isitoshe, Spotify ilifunguliwa rasmi Tanzania na Kenya mwaka 2021 tu, kwa hiyo uzoefu wake na masikio ya huku kwetu bado ni mchanga.

Ninachofanya mimi ni kumchagua mwanamuziki mmoja na kumfuata kila alikokwenda. Muziki wetu wa dansi unafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu wanamuziki wake walikuwa wakihama bendi kama wachezaji wa mpira wanavyohama timu. Anza na sauti ya Muhidin Maalim Gurumo. Utamkuta NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1978 utamkuta miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, hao Sikinde. Mwaka 1985 yuko Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule. Baadaye anarejea Msondo, yaani ileile NUTA Jazz kwa jina jingine, alikodumu mpaka alipostaafu mwaka mmoja kabla ya kufariki dunia mwaka 2014. Mtu huyo mmoja amekwisha kukufungulia milango mitatu, na ndani ya kila mlango kuna waimbaji na wapiga magitaa ambao nao walikuwa na safari zao. Hassan Bitchuka, kwa mfano, aliimba Msondo na Sikinde pia, na ukishaizoea ile sauti yake nyembamba ya juu utaitambua hata pale ambapo aliyepandisha wimbo hakuandika jina la mwimbaji.

Hapo pa majina ndipo wengi wanapokwama, hivyo nitapakalia kidogo. NUTA Jazz, JUWATA Jazz, OTTU Jazz na Msondo Ngoma ni bendi ileile: chama cha wafanyakazi kilipobadili jina, bendi nayo ilibadilishiwa. Ukitafuta jina moja tu utakosa miaka mingi ya kazi yake. Tahajia nayo ina vituko vyake, maana Bitchuka utamkuta pia akiwa Bichuka, na Muhidin ana herufi d moja leo na mbili kesho, kutegemea nani alikuwa anaandika. Jaribu zote. Ukiona bado matokeo ni haba, andika jina la mtindo badala ya jina la bendi, kwa kuwa zamani kila bendi ilijitangaza kwa mtindo wake: Safari Trippers walikuwa na Sokomoko, na Dar International ya Marijani Rajab ilikuwa na Super Bomboka. Wapenzi wa zamani wanaopandisha kaseti zao mara nyingi huandika mtindo kwanza.

Ukizipata nyimbo hizo, nakuomba usizikate katikati. Nyingi huanza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa chake beti kwa beti huku gitaa la solo likimjibu, na utamu wenyewe unakuja baadaye, maneno yanapopungua, tumba zinapokolea na mdomo wa bata, yaani saksafoni, unapoachiwa nafasi. Kijana aliyezoea wimbo wa dakika tatu huondoka kabla ya hapo, halafu anasema muziki wa wazee umepoa.

Uzi huohuo unavuka mpaka. Wilson na George Kinyonga walipiga Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kuhamia Nairobi na kuwa Simba Wanyika, na mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitoa wakaunda Les Wanyika. Najua Les Wanyika unawafahamu, maana hakuna harusi isiyowapiga. Basi rudi nyuma mpaka Jamhuri Jazz usikilize yale magitaa yalikotoka.

Wala usidhani njia hii ni ya muziki wa kale peke yake. Kwenye singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar es Salaam, badala ya bendi fuata studio. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wenye kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, na wasanii waliomo humo ukiwafuata mmoja mmoja utapata mambo ambayo redio zetu hazipigi. Mapigo yake yanapita mia mbili kwa dakika. Kwa umri wangu natosheka na nyimbo chache kwa siku, lakini sikatai kwamba huo ni ubunifu wa kweli. Mkusanyiko huo uko Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki ambapo unaweza kusikiliza kwanza na kununua baadaye, nao hukata asilimia 15 tu ya mauzo ya kidijitali. Ukipenda kazi ya mtu, inunue huko, hata moja.

Kuhusu kifurushi ulichonilalamikia, acha kutazama video ili usikilize sauti. Video inakula data mara nyingi zaidi. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, hifadhi albamu nzima kwenye simu, kisha uisikilize njiani ukiwa umezima data.

Nimekutajia Gurumo kwa kuwa ndiye ninayempenda. Wewe unaweza kuanza na yeyote unayemtaka, hata mpiga besi. Nakuomba tu uniandikie majina ya watayarishaji wa singeli unaowaamini zaidi ya hao wa Sisso, pamoja na studio wanazofanyia kazi, maana upande huo wewe unaujua kuliko mimi.

Ni mimi, mjomba wako.