Fats Waller alikuwa mpiga kinanda, Mhariri

Mhariri,

Ile makala yenu ya Jumapili kuhusu Fats Waller, mwanamuziki wa jazz wa Marekani, yenye picha yake amekodoa macho na kofia imekaa upande, nimeisoma hadi nukta ya mwisho nikitafuta mahali kilipotajwa kinanda. Hakuna. Nusu ukurasa mzima ni vichekesho, unene wake na chupa alizokunywa, kisha tunaambiwa alikuwa "mchekeshaji aliyejua kupapasa piano". Kupapasa! Miaka yote nimewavumilia, hata mlipochapisha ratiba ya sikukuu za mwaka uliokwisha pita. Hili hapana.

Huyo bwana alizaliwa New York mwaka 1904, mtoto wa mhubiri, na alianzia kwenye kinanda cha ibada. Angali kijana akaajiriwa Lincoln Theatre, mtaani Harlem, kupiga kinanda cha mabomba sinema zisizo na sauti zikionyeshwa. Count Basie, yule kiongozi wa bendi ya jazz ambaye ninyi mkimwandika mnavua kofia, alijifunzia hapo hapo: alikaa sakafuni akiitazama miguu ya Waller ikitembea juu ya pedali. Novemba 1926 kampuni ya santuri ya Victor ikamketisha ndani ya kanisa la zamani lililogeuzwa studio, kule Camden, New Jersey, akarekodi "St. Louis Blues" na "Lenox Avenue Blues", yeye na kinanda tu, hakuna ngoma wala besi. Je, mwandishi wako anaijua kazi hiyo? Piano ukibonyeza, nyundo inagonga waya na sauti iko sikioni. Kinanda cha mabomba kinangoja upepo uingie bombani, kwa hiyo kidole lazima kitangulie sikio. Na ukichelewa kukiinua, noti inaendelea kulia tu, inaivuruga inayofuata. Sasa ongeza mwendo wa jazz juu yake, miguu ikifanya kazi ya mpiga besi. Mwaka 1938 akiwa London akarekodi kwa kinanda nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, "Deep River" ikiwamo, na humo hamna mzaha. Ule mzaha wake ulivuma kwenye sahani za santuri alizotoa na bendi yake kuanzia 1934, na hapo ndipo mwandishi wenu alipopiga kambi. Halafu mtu huyu hakufia jukwaani kama mlivyochapisha. Alikufa kwa nimonia ndani ya treni, Kansas City, Desemba 1943, akiwa na miaka 39.

Mtauliza mzee huyu kimemuuma nini. Kwenye harusi moja usharikani kwetu nilikuwa nimeshafungua kitabu cha nota, kijana wa mitambo akanigonga begani: "Babu, wewe pumzika, muziki uko kwenye flashi." Hata shikamoo hakunipa. Akaichomeka, ngoma zikaanza kujipiga zenyewe, na bibi harusi akalazimika kukimbiakimbia na shela lake ili aende sawa na mashine! Hakuna aliyemngoja afike madhabahuni. Mimi nikimwona amesimama mlangoni nilikuwa narudia ubeti. Flashi hairudii ubeti kwa ajili ya mtu. Tangu siku hiyo kinanda cha kukanyaga kiko stoo, kimebebeshwa mifuko ya saruji, na kamati inasema tunakwenda na wakati. Spika nazo zimeletwa kubwa kama kabati za nguo, bibi zetu wanahama mabenchi ya mbele, wengine wanasikilizia mahubiri nje chini ya mparachichi. Eti kelele zinawavuta vijana. Vijana wenyewe wako huko huko nje, wanachezea simu.

Nina ombi moja. Mwandishi wako aje kwangu Jumamosi saa kumi jioni, na soksi safi, maana viatu atavua. Tutaiondoa saruji pamoja. Kinanda hicho hakina pedali za besi, zake ni za kuvuta upepo tu, lakini kwa mwanafunzi zinatosha. Akanyage beti nne bila upepo kukata, mkono wa kushoto ukirukaruka kama wa Waller. Akimaliza salama, nitamruhusu kumwita mtu mchekeshaji. Nauli mtamlipia ninyi. Chai nitatoa mimi, bila vitafunwa.

Mpiga kinanda niliyestaafishwa,
Moshi