Kwa kaka yangu, kuhusu jina lililo mwishoni mwa wimbo

Kaka,

Nimesikia kwa wifi, wala si kwako, kwamba umeingia studio kurekodi albamu nzima ya nyimbo za Leonard Cohen, yule mshairi na mwimbaji wa Kanada, kwa magitaa ya umeme, dramu na sauti yako ambayo hata nikiwa na hasira siwezi kuitia kasoro. Usimlaumu wifi, maana mimi ndiye niliyemuuliza. Nimefurahi, na nakuomba uishike furaha hiyo kabla hujayasoma mengine, kwa sababu nakujua: ukikutana na neno la kwanza la lawama utaiacha barua na kusema kwamba nimeanza tena. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa njia nyingine zote ulizifunga wewe, na kwa kuwa jambo lenyewe, la jina ulilolitaja usiku wa kumkumbuka marehemu Mjomba, lilitendeka mbele za watu.

Wapo watakaokuambia kwamba Cohen si mtu wa roki, kwamba nyimbo zake ni mashairi ya chumbani yasiyostahimili kelele. Wasikuyumbishe. Cohen alisikika kwa vinywa vya wengine tangu mwanzo: Judy Collins alirekodi "Suzanne" mwaka 1966, wakati mtunzi mwenyewe alitoa albamu yake ya kwanza mwishoni mwa 1967. Nick Cave alifungua albamu ya kwanza ya bendi yake ya Bad Seeds, mwaka 1984, kwa kuurudia "Avalanche", na aliyeusikia hawezi kusema kwamba wimbo ule ulishindwa na kelele. Jennifer Warnes alipotoa albamu yake ya nyimbo za Cohen mwaka 1987, gitaa la "First We Take Manhattan" lilipigwa na Stevie Ray Vaughan, bingwa wa blues, na watu waliusikia wimbo huo kwa Warnes kabla ya kuusikia kwa mwenyewe, ambaye aliutoa mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukipiga Cohen kwa amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho, uko katika njia iliyokwisha kupitwa na wakubwa.

Halafu iko albamu ya *I'm Your Fan*. Wewe huhitaji kuelezwa habari za kaseti ile ya Mjomba, lakini nitasema kidogo, maana kila ninachotaka kukuambia kimo ndani yake. Ilitoka mwaka 1991, ikiwa imeandaliwa na jarida la Les Inrockuptibles la Ufaransa, nao R.E.M., Pixies, Ian McCulloch, Nick Cave, John Cale na wengineo kila mmoja alichukua wimbo wa Cohen na kuupiga kwa namna yake. Utepe wa nakala yetu ulikuwa umelegea, piano ya Cale ilikuwa ikiyumba, na mpaka leo nikiisikia bila ule mlegeo naona kama imekosewa. Unakumbuka jinsi tulivyogombana juu ya "Tower of Song" ya Cave, ambayo yeye na wenzake waliivunjavunja na kuipitisha katika mitindo mingi ya muziki kana kwamba wanamdhihaki mwenye wimbo? Wewe ulisema ni utovu wa adabu, mimi nikasema ndiyo heshima ya juu kuliko zote humo, kwa sababu mtu hatumii nguvu nyingi namna ile juu ya kitu asichokipenda. Ajabu ni kwamba siku hizo wewe ndiye uliyekuwa mlinzi wa nyimbo za watu.

Katika wimbo huohuo Cohen anajiweka mwenyewe kwenye mnara wa watunzi na kumweka Hank Williams, mwimbaji wa country, ghorofa nyingi sana juu yake. Hata yeye alikuwa shabiki wa mtu, na alimtaja kwa jina.

Najua utanijibu kwa Cale, kwa maana ndivyo unavyofanya kila mara. Utasema kwamba Cale, katika kaseti ile, alizikata beti za "Hallelujah" ya Cohen, akaacha alizoziacha na kuimba alizozipenda, na bila mkasi wake wimbo ule ungebaki katika albamu ya mwaka 1984 ambayo kampuni ya Columbia ilikataa kuitoa Marekani. Yote hayo ni kweli. Lakini wewe hukisemi kilichotangulia mkasi: Cale alimwendea mwenyewe, akamwomba maneno, naye Cohen akamtumia kurasa 15 kwa faksi. Alikata katika kile alichopewa. Kisha Jeff Buckley akajifunza wimbo huo kutoka kwa Cale, akautia gitaa moja la umeme na pumzi zake, akautoa mwaka 1994, na kuanzia hapo dunia nzima ikaudaka, hadi Cohen mwenyewe akasema kwa utani wa kizee kwamba sasa watu wanaouimba wamezidi. Naomba usiurekodi huo. Si kwa sababu huuwezi.

Ukishindwa na Cale utakimbilia kwa Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa. Utanikumbusha tamasha la Monterey la Juni 1967, alipoimba "Like a Rolling Stone" ya Bob Dylan na kuruka ubeti mzima. Ndiyo, aliuruka, lakini aliwaambia wasikilizaji palepale, katikati ya wimbo, kwamba anajua ameruka ubeti na wasiwe na wasiwasi. Hakuwaacha waamini kwamba wimbo uliishia pale alipoufikisha yeye. Na huyohuyo Hendrix, mwezi mmoja tu baada ya Dylan kutoa "All Along the Watchtower", aliingia studio London kuurekodi, akaurefusha wimbo wa dakika mbili na nusu ukawa wa dakika nne, na dakika zote alizoziongeza akalipa gitaa lake. Beti zilibaki tatu, kwa mpangilio wake uleule. Dylan alilipenda toleo hilo kiasi kwamba Hendrix alipokwisha kufa, yeye mwenye wimbo akawa anauimba kwa namna ya Hendrix. Tafakari hapo, kaka: mtu aliugeuza wimbo mpaka mtunzi akamfuata, na bado hakuna siku aliyojifanya kuwa ni wake.

Basi nimefika, na huenda ulishajua kwamba nitafika, kwenye usiku ule wa kumkumbuka Mjomba.

Tulikubaliana tupige "Famous Blue Raincoat" mwishoni, kwa sababu ndio aliokuwa akiupenda kuliko nyimbo zote za albamu ile ya Cohen ya mwaka 1971. Huo ni wimbo wa barua. Mtu anaandika usiku wa manane, mwishoni mwa Desemba, akiwa New York, kwa rafiki aliyemchukulia mkewe kisha akaondoka, na badala ya kumlaani anamuuliza habari zake, anamsamehe kwa taratibu inayoumiza, halafu anatia saini. Cohen aliliweka jina lake mwenyewe katika mstari wa mwisho. Mjomba alikuwa akinyamaza kabisa hapo, na akishaimaliza sigara yake anasema, "Mmeona? Ametia saini." Kwake yeye wimbo mzima ulikuwa safari ya kuliendea jina lile, mtu asiyejificha nyuma ya mhusika yeyote, anayesema kwamba aibu hii ni yangu na nimeiandika mimi.

Wewe ukaimba vizuri kuliko nilivyowahi kukusikia. Nilikuwa nyuma yako na besi, nikipiga noti chache kadiri nilivyoweza ili nisikuguse. Ulipofika kwenye ule mstari ambamo mwandishi anamwita mwenzake ndugu na muuaji kwa pumzi moja, uligeuza shingo ukanitazama, na si mimi peke yangu niliyeona. Kisha ukafika mwisho, ukatia saini, na jina ulilolitaja lilikuwa lako.

Watu walisimama kukupigia makofi. Shangazi alikuwa analia. Kijana mmoja aliyekuwa mbele alisema kwa sauti kwamba hajui ulipata wapi nguvu ya kumtungia marehemu wimbo kama ule, nawe ukaweka mkono kifuani na kusema asante. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe. Saini yenyewe ningeweza kuivumilia. Ungekuwa umelibadili jina kisha ukasema, "Huu ni wa Leonard Cohen," ningekupigia makofi pamoja nao na kujifanya sikukuona uliponitazama. Ulikuwa na nafasi, kijana alikupa sentensi nzima ya kusahihisha, nawe ukaipokea kama zawadi.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye kipaza sauti nikasema kwamba wimbo ule ulitungwa na Leonard Cohen, kwamba Mjomba ndiye aliyetufundisha, na kwamba mstari wa mwisho una jina la mwenyewe. Sikusema zaidi ya hapo. Unawaambia watu kwamba nilikuaibisha mbele ya wafiwa, kana kwamba mimi sikuwa mfiwa. Unawaambia pia kwamba nilifanya hivyo kwa sababu ulinitazama, na kwamba bado nina donge tangu nilipoondoka katika bendi yetu nikaenda kupiga na wale wengine. Si kweli. Ningelichukua lile jukumu hata kama ungelikuwa umemtazama mtu mwingine, au umefumba macho. Mtu aliyelelewa na kaseti ile hakuwa na namna nyingine, na aliyepaswa kulifanya kwanza ulikuwa wewe.

Nimeisikia hoja yako, ile unayoitoa kwa kila anayeuliza. Unasema wimbo ule ni barua, na anayeuimba ndiye anayeiandika upya, kwa hiyo akiweka jina la mwingine atakuwa anajificha, jambo ambalo Cohen mwenyewe alilikataa. Unamtaja na Johnny Cash, mkongwe wa country, ambaye aliimba "Hurt" ya Trent Reznor mwaka 2002, akaliondoa tusi moja na kuweka taji la miiba mahali pake, na Reznor, ambaye mwanzoni hakuwa na uhakika, alipoiona video akasema wimbo si wake tena. Ni hoja nzuri. Nimekaa nayo kwa muda mrefu na sijaona pa kuipasua, isipokuwa mahali pamoja: aliyesema wimbo umehama ni Reznor. Cash hakusema. Maneno hayo ni ya mtunzi kuyatoa kwa hiari yake, wala mwimbaji hawezi kujipa mwenyewe, hata akiimba kwa uchungu wa kweli, na hata kama kweli kulikuwa na mtu ukumbini ambaye alitaka kumsamehe.

Kama ulitaka kunisamehe, kaka, ungenipigia simu.

David Bowie alilijua tatizo hili kwa upande wa pili. Bendi ya Nirvana walipiga "The Man Who Sold the World" yake mjini New York, tarehe 18 Novemba 1993, katika onyesho ambalo nyimbo 6 kati ya 14 zilikuwa za watu wengine, na mwimbaji wao Kurt Cobain alipomaliza akasema wazi kwamba ule ulikuwa wimbo wa Bowie. Pamoja na hayo, miaka ya baadaye Bowie alikuwa akiuimba wimbo wake mwenyewe na vijana wanamfuata kumpongeza kwa kupiga wimbo wa Nirvana. Ikiwa jina linapotea hata pale linapotajwa, litakuwaje pale mwimbaji anapoweka mkono kifuani na kusema asante? Cobain usiku ule aliwaita hata ndugu wawili wa bendi ya Meat Puppets wakae naye jukwaani ili nyimbo zao tatu zipigwe wenyewe wakiwapo. Ulikuwa ukiisimulia habari hiyo kwangu kwa macho ya kung'aa, miaka ile tulipokuwa tunagawana gitaa moja.

Sasa una albamu ya kumaliza, na mimi ni mdogo wako ambaye hukumwomba ushauri. Nitausema hivyohivyo. Sheria ya Marekani tangu mwaka 1909 inamruhusu yeyote kurekodi wimbo ambao umekwisha kutolewa, mradi atoe taarifa na kulipa kiwango kilichowekwa, na inamwachia auvishe mtindo wake bila kuigusa melodi ya msingi wala tabia ya wimbo. Sikutishi kwa sheria, kwa kuwa haitakukamata kwa jina moja mwishoni mwa barua. Ninasema tu kwamba hata wanasheria waliona kuna kitu ndani ya wimbo ambacho ruhusa ya kuupiga haikifikii. Badili kasi. Hamisha ufunguo, maana sauti yako haiendi chini kama ya mzee yule, na ukilazimisha utakohoa. Mpe mpiga dramu nafasi pale Cohen alipoweka gitaa la nailoni peke yake. Weka solo mahali ambapo hapakuwa na solo, ikiwa unalo la kusema kwa gitaa. Beti uziimbe zote.

Nimeambiwa pia kwamba bado hujapata mtu wa besi unayeridhika naye. Mimi ninazijua nyimbo hizo katika ufunguo wako, na ninajua unavuta pumzi wapi. Nitakuja siku utakayoniita, sitadai malipo, na sitauanzisha ugomvi huu mlangoni. Ila "Famous Blue Raincoat" sitaipiga mpaka nimesikia mazoezini, kwa sauti yako, kwamba mstari wa mwisho umerudi ulivyokuwa.