Fundi, weka grainda chini kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na mafundi wa redio za gari hapa Nairobi, na wenye magari ya zamani wenzangu pia, kuhusu hii tabia ya kukata dashibodi za zamani ili kuweka redio mpya, maana makosa si ya fundi peke yake.

Niko na Peugeot 404 aliyoniachia mzee, gia kwa usukani, ndugu ya zile zilichukua Safari Rally 1963 halafu 1966, 67 na 68 mfululizo. Redio yake ya kwanza bado iko pale kwa dashibodi, nobu mbili na sindano nyekundu inatembea kwa kioo. Inashika midiamu wevu na shoti wevu, basi. Mzee alikuwa anasikilizia hapo Sauti ya Kenya, kabla igeuzwe KBC 1989, na ukiongea wakati wa taarifa ya habari unashukishwa gari.

Sasa watoto wanataka nyimbo za simu. Nikiwa kwa jam Mombasa Road nikauziwa ile transmita ya kuchomeka kwa tundu la sigara, inachukua nyimbo za simu inazirusha hewani ili redio ya gari izishike, nikazungusha sindano mwanzo mpaka mwisho, nikarudi, napata kukwaruza tu, mpaka kijana wangu akauliza, "Baba, kwani hii redio iko na FM?" Nilinyamaza. Hiyo kitu inarusha kwa FM, kati ya megahazi 87.5 na 108, na redio yangu ni ya AM, yaani hizo midiamu na shoti wevu, zitaonana wapi? Na hata yako ikiwa na FM, hapa Nairobi stesheni zimebanana hadi kupata nafasi tupu ni kazi, ukitoka Westlands ukifika South B mhubiri ameshaingia katikati ya wimbo wako.

Nikaenda kwa fundi mmoja Kirinyaga Road. Aliangalia dakika mbili hivi akaitisha grainda. Eti tupanue tundu tuweke redio ya skrini, na hii ya zamani nimwachie, "ni skrapu tu mzee". Nilichukua ufunguo wangu nikaondoka, na bado nikimkumbuka napandwa na hasira.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Luthuli Avenue anayetengeneza redio tangu zamani. Alifungua kifuniko akanionyesha ile poti ya volyumu kwa nyuma, kile kipande kinachozungushwa na nobu ya sauti, ina miguu mitatu: mmoja umeenda kwa bodi ya gari, wa katikati unapeleka sauti kwa amplifaya, na wa tatu ndio sauti inaingilia ikitoka kwa upande wa stesheni. Huo wa tatu akautenganisha akaweka swichi ndogo chini ya dashi, ukibonyeza huku ni redio, kule ni simu. Simu inatoa sauti mbili, kushoto na kulia, na gari iko na spika moja, kwa hivyo alizikutanisha kwa rezista mbili ndio zisipigane, akaongeza kapasita ya kuzuia umeme wa redio usirudi kwa simu. Vitu vyote havikufika elfu mbili, na siku nikitaka kuitoa naitoa, hakuna tundu hata moja kwa dashi.

Mwanzoni ilikuwa inalia wiii kila nikikanyaga mafuta. Kumbe ni kwa sababu nilikuwa nachaji simu kwa betri ileile ya gari huku inapiga nyimbo. Nikichomoa chaja, kimya.

Wenye redio za valvu, zile za zamani zaidi zenye taa za glasi ndani, msiguse kama hamjui, ndani mna volti zaidi ya mia moja hata kama betri ni ya 12. Na wenye magari ya Uingereza ya miaka ya 50 na 60, pima kwanza, mengi bodi imeunganishwa na positivu ya betri, ukifunga kimazoea unachoma kitu. Usiwashe redio ya transista bila spika pia, kuna zingine zinaungua hapohapo.

Sauti si ya disko, besi hakuna, ni kama mtu anaimba ndani ya debe, lakini benga ya zamani ikitoka kwa spika hiyo moja hata watoto wameacha kulalamika.

Kitu kimoja kimebaki. Nobu ya kutafutia stesheni imepasuka na nimeifunga na gundi. Kama kuna msomaji ana redio ya 404 iliyokufa, hata kama ni skrapu kweli, akuandikie wewe, mhariri, nitakuja kuichukua mwenyewe.

Mwenye 404, Nairobi